Godoro la Rawya

Dahi alipofumua mshono wa nne, kisu kiligoma. Akaingiza kidole gumba chini ya kitambaa na kubonyeza. Pamba ya upande wa kichwani ilikuwa imeshikana ikawa ubao.

Ilikuwa asubuhi, naye yuko juu ya paa la nyumba yake kabla jua halijawa kali, amelilaza godoro la binti yake juu ya mkeka aifumue pamba na kuipiga upya. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa fundi wa magodoro hapo Akhmim, na magodoro ya watu yalikwisha kumfunulia mengi. Alijua shimo la nyonga la mgonjwa asiyegeuka. Alijua godoro la mume na mke walionuniana, kila mmoja na ukingo wake, katikati pamevimba kama hapajawahi kulaliwa. Lakini pamba kushikana hivi, katika godoro la mtoto wa miaka sita ambaye ukimbeba hata huhisi uzito, hakuwahi kuona.

Akalipasua lile bonge kwa mikono. Ndani mlikuwa na nywele ndefu nyeusi zilizosokotana na pamba, na madoa ya rangi ya chai. Aliyanusa madoa yale, ingawa hakuwa na haja ya kuyanusa.

"Najat!"

Mkewe alipanda ngazi na unga hadi viwikoni. Ilikuwa siku ya kuoka, mikate imekwisha kupangwa uani iumuke kwa jua.

"Hii damu ya nani?"

Najat alitazama pamba, akamtazama yeye. "Ya binti yako. Ulidhani ya kuku?"

"Tangu lini?"

"Leo ndiyo unaniuliza? Ramadhani ya mwaka juzi nilimleta mtoto mbele yako, nikamfunua ushungi, nikakuonyesha uvimbe kwenye paji la uso. Ukasema nini?"

Dahi alirudisha macho kwenye pamba. Alikuwa anakumbuka vizuri sana.

"Ukasema, 'Mwache, babu yake anamfundisha.'" Najat akapangusa mikono kwenye kanga ya kiunoni na kushuka. Alikuwa na mikate ya kutazama.

Baba yake Dahi, Sheikh Abul-Wafa, aliongoza halaka, duara la dhikri, kwa miaka arobaini. Akisimama katikati ya wanaume na kuanza kuyumba, barabara nzima iliyumba naye. Alitamani mwanawe arithi nafasi ile, lakini Mungu alimpa Dahi sauti ya mlango usiotiwa mafuta, basi Dahi akaenda kupiga pamba. Sheikh hakumlaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililomuuma mwanawe zaidi. Miaka minne iliyopita mzee alifariki, na nyumba ikawa kimya.

Siku arobaini baada ya maziko, Dahi alirudi kutoka kazini adhuhuri, wakati mji mzima umejifungia ndani kulala kukwepa joto. Akapita chumba cha mtoto na kusikia sauti. Rawya, wakati huo ana miaka miwili, alikuwa usingizini, amejiinua kwa magoti na viwiko, anajisukasuka mbele na nyuma, mbele na nyuma, kichwa kikigonga ubao wa kitanda, huku puani anatoa mlio: hmm, hmm, hmm. Dahi aliketi kizingitini akalia kama mtoto. Kisha akaenda kwa mama yake, Hajjat Fawkiya, akamwambia, "Mama, baba hajaondoka."

Yeye ndiye aliyesema, si mwingine. Kutoka kinywani mwake neno lilikwenda kwa mama yake, na kutoka kwa mama yake likaenea Akhmim yote. Wanawake wakaanza kuja adhuhuri, wanavua viatu mlangoni, wanajipanga ukutani na watoto wao wenye homa mapajani, wanangoja mjukuu wa Sheikh alale ili baraka ianze. Walileta sukari, majani ya chai, peremende za mtoto. Hajjat Fawkiya huketi kichwani pa kitanda na tasbihi yake, uso umeng'aa kama wa bibi harusi. Na Dahi, aliyekuwa mtu wa mwisho kukaribishwa kwenye mabaraza ya wanaume, akaanza kuitwa baba yake Rawya kwa heshima.

Sasa alikuwa ameshika pamba yenye damu. Aliona aibu, aibu ya kutosha kumfanya atake kujitupa kutoka juu ya paa lile, lakini mtoto angebaki na kitanda kilekile. Akashuka ngazi.

"Kesho tunampeleka kwa daktari," alimwambia mkewe.

"Na mama yako?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Tukirudi."

Najat akacheka, mara ya kwanza siku ile. "Haya, simba wangu."

*

Daktari wa zahanati ya mtaa alikuwa msichana wa Kikristo anayeitwa Irini, miwani mikubwa, maneno machache, feni imekufa juu ya kichwa chake. Dahi alikuwa amejiandaa kuchekwa. Hakuchekwa. Daktari alimvua Rawya ushungi, akapapasa paji la uso, akapapasa nyuma ya kichwa, akamuuliza kama anapenda maembe, akamwambia atoke akacheze uani. Kisha akawageukia wazazi.

"Akiwa katikati ya kujisukasuka, mkimwita jina lake, anaacha?"

"Hatujawahi kumwita, daktari," Dahi alisema.

"Miaka minne? Kwa nini?"

"Mtu aliye kwenye dhikri hakatizwi."

Alijisikia akilitamka neno hilo ndani ya chumba kile chenye harufu ya dawa, na masikio yakamwaka moto. Daktari alichukua kalamu. Aliandika.

"Alianza lini?"

"Baba yangu alipofariki. Siku arobaini baadaye."

"Si kweli," alisema Najat.

Dahi akageuka.

"Alianza ana miezi tisa, daktari. Alipojua kukaa tu. Huyu bwana alikuwa Tahta, msimu wa harusi, anashona magodoro ya mabibi harusi, anarudi Ijumaa kwa Ijumaa. Sheikh mwenyewe alikuwa hai, analala chumba cha pili, na mtoto anagonga. Sheikh alikuwa akiniambia, 'Mwekee mto, mwanangu, ataumia.'"

"Hukuniambia," alisema Dahi.

"Ulikuja unalia kwa furaha, baba Rawya. Na mama yako alikuwa hajala siku tatu, siku hiyo akala. Ningekwambia vipi?"

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti.

"Sikilizeni. Wapo watoto wanaojibembeleza hivi mpaka usingizi uwachukue. Wengine hutikisa kichwa, wengine mwili mzima, wengine hugonga. Si wazimu, wala si jini. Wengi huacha wenyewe kabla ya umri huu. Wenu hajaacha, na anajiumiza, kwa hiyo siwezi kusema tungoje. Halafu kuna kifafa kinachojificha usingizini, kinafanana na hiki kama ndugu. Lazima niwatenganishe. Nataka siku saba. Mpigeni video kwa simu, dakika tano zinatosha. Mwiteni jina mwone. Na mwandike: alilala lini, alianza lini, aliacha lini. Fundi, unajua kuandika?"

"Jina langu, na vipimo."

"Basi tafuta namna yako. Mimi nitaisoma."

*

Namna yake aliipata kabla hajafika nyumbani. Alikata utepe wa kitambaa cheupe, urefu wa mkono, akaketi miguuni pa kitanda saa ya kulala adhuhuri, saa ya ukutani mbele yake. Kila dakika akapiga mshono mmoja. Mtoto akitulia, uzi mweupe. Mtoto akijisukasuka, uzi mwekundu. Wageni aliwazuia mlangoni kwa siku zote saba. Naye Dahi alimwambia mama yake kwamba Rawya ana mafua.

"Mafua ya kiangazi?" aliuliza Hajjat Fawkiya.

"Ndiyo mabaya zaidi."

"Na wewe siku hizi umekuwa nesi."

Siku ya kwanza alipiga mishono saba ya uzi mwekundu. Hakuwahi kumtazama mtoto huyu bila kumtazama baba yake. Sasa aliona shingo nyembamba, jasho kwenye nywele, viwiko vilivyoota sugu kwa kusugua shuka. Akasikiliza. Maisha yake yote alipiga uzi wa upinde wa kuchambulia pamba kwa nyundo ya mti, pamba ikirukaruka mbele yake, na mdundo alikuwa anaujua kuliko alivyojua kusoma. Dhikri ya baba yake ilianza polepole, ikapanda, ikakaza, ikafika pale watu wanaposahau majina yao, kisha Sheikh hupiga kofi moja na wote hushuka pamoja. Hii ya Rawya ilianza ilivyoanza na ikaendelea hivyohivyo, dakika kwa dakika, haipandi, haishuki, haiendi popote. Alikuwa amekwisha kuisikia mara mia, na mara zote mia akajaza mwenyewe kilichokosekana.

Akavuta pumzi. "Rawya."

Kichwa kikasimama hewani. Jicho moja likafunguka.

"Naam, baba?"

"Hakuna kitu. Lala."

Mtoto akajilaza ubavu, akapiga miayo, akalala. Ilikuwa rahisi hivyo. Kwa miaka minne ilitosha mtu mmoja katika nyumba ile amwite jina lake, na hakuna aliyemwita. Dahi akapiga mshono wa uzi mweupe, halafu akashindwa kuona tundu la sindano kwa machozi, akapoteza dakika mbili. Aliziacha wazi kwenye utepe. Hakutaka kumdanganya daktari.

Siku ya nane daktari Irini aliukunjua utepe juu ya meza, akaushika kwa vidole viwili kama hariri.

"Na hapa pasipo na uzi?"

"Hapo nilikuwa nalia."

Daktari akatikisa kichwa taratibu, akaendelea kusoma. "Siku ya kwanza saba, ulipomwita. Halafu kumi na nane. Ishirini. Kumi na tisa. Kila siku mwanzoni mwa usingizi, na akiitwa anaacha. Ami Dahi, nina madaktari wenzangu hawajui kuniletea kitu safi namna hii." Akaitazama video mara mbili, akapiga simu, akasubiri, akabishana na mtu wa upande wa pili, akakata. "Nimewapatia nafasi ya kipimo cha ubongo hospitali ya Sohaj. Alhamisi, saa nne. Alfajiri mwamsheni mapema, afike na usingizi, maana lazima alale palepale."

Dahi alikuna shingo, akatazama mlango.

"Kuna nini Alhamisi?"

"Hauli ya baba, kumbukumbu ya kifo chake. Watu wanatoka Jirja, wanatoka Tahta. Mama amewaahidi watamwona mtoto."

"Nafasi nyingine ni mwezi wa kumi, fundi. Sikutishi. Kama ni ninachofikiri, ataishi. Lakini mwezi wa tisa anaanza shule na paji lile la uso, na kila mgeni anayemkodolea macho anamharibia usingizi, na usingizi ukiharibika ndipo anagonga zaidi."

Dahi akaukunja utepe, akautia mfukoni. "Saa nne tutakuwa pale."

*

Alhamisi, adhana ya alfajiri ikiwa bado kooni mwa muadhini, Najat alimvika Rawya gauni la kijani.

"Pitia nyuma, kwenye zizi," alimnong'oneza mumewe. "Mama yako yuko uani tangu saa tisa, anachemsha nyama."

Dahi alimshika mtoto mkono. Alipiga hatua mbili kuelekea zizini, akasimama. Alikuwa amemwingiza mtoto huyu kwenye jambo hili kwa mlango wa mbele, mchana, mbele ya watu wote. Akageuka akapitia uani.

Hajjat Fawkiya alikuwa juu ya sufuria kubwa, mwiko mkononi, mvuke usoni. Aliona gauni la kijani.

"Mnakwenda wapi?"

"Sohaj. Hospitali."

"Nani anaumwa?"

"Rawya, mama. Anagonga kichwa usingizini mpaka anatoka damu. Daktari anataka kumpima."

"Leo?"

"Leo."

"Watu wako njiani, Dahi! Khalifa Kinawi amefunga kinu chake cha unga siku nzima aje. Niwaambie nini?"

"Waambie wale. Nyama ipo, wali upo. Msomeeni baba Fatiha. Rawya hayupo."

Mwiko ulianguka ndani ya sufuria. Hajjat Fawkiya hakuutafuta. "Umeionea haya karama ya baba yako? Yeye alikuonea haya lini? Sauti yako ile alivyoivumilia!"

Lilimchoma mpaka ndani. Alihisi mkono wa mtoto ukikaza ndani ya wake, na hilo likamsimamisha wima.

"Kweli, mama. Alinivumilia."

"Ukivuka mlango huu na mtoto huyo, usinisemeshe."

"Nitakusemesha," alisema Dahi. "Nikirudi." Akavuka.

Darajani, juu ya Mto Nile, Rawya alikuwa anasinzia begani mwa baba yake. Akafungua macho.

"Baba, huko Sohaj wako wanawake wangapi?"

"Wanawake gani?"

"Wa kuniangalia nikilala."

"Hakuna. Kwa nini?"

Mtoto akafikiri. "Siku nyingine usingizi hauji. Nafanya tu. Bibi akiniona sifanyi anasikitika."

Dahi alitazama maji. Akamvuta karibu zaidi na kumfunika masikio kwa shali dhidi ya upepo, na akaapa kimoyomoyo kwa jina ambalo baba yake alikuwa akiliapia kwamba hakuna mgeni atakayemtazama tena akilala.

*

Mpimaji alikuwa mwanamume mnene mwenye mikono laini, mtu wa mzaha. Alimkalisha Rawya kitandani na kuanza kumbandika nyaya kichwani kwa gundi baridi.

"Leo nakusuka nywele, bibi. Mtindo mpya wa Kairo. Nyaya ishirini na moja, nyekundu, njano, samawati. Mama yako akiona ataniajiri."

Rawya hakucheka. Alimtazama yule mtu, akamtazama baba yake, akauliza kwa sauti ndogo, "Huyu ni mgeni?"

Dahi alichutama mpaka macho yao yakalingana. "Hapana, mwanangu. Hakuja kuona kitu. Yeye anatazama mistari kwenye mashine, hakuangalii wewe. Na mimi sihitaji uniletee mtu. Babu yako yuko kwa Mola wake, amepumzika. Huna kazi yoyote hapa."

"Nilale tu?"

"Lala tu."

"Na kama sitikisiki?"

"Usipotikisika, lala. Ukitikisika, lala."

Mtoto alishusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu mzima aliyetua mzigo wa kuni, akajilaza na nyaya zake. Mpimaji aliacha mzaha. Alijifanya ana shughuli na kitufe fulani mpaka Dahi alipomaliza kupangusa uso kwa mkono wa kanzu.

Dakika kumi baadaye mlio ulianza puani: hmm, hmm. Rawya akajiinua kwa viwiko. Mistari ikaruka, ikarejea, ikaruka. "Mwite," alisema mpimaji. Dahi akaita. Kichwa kikasimama, mistari ikanyooka, kisha ikaanza kutiririka taratibu. Walifanya hivyo mara tatu. Daktari bingwa, mzee mwenye haraka, alikuja akapekua karatasi zote kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Hakuna kifafa," alisema. "Anajibembeleza. Mshusheni kitanda chini, mkisogeze mbali na ukuta, pande zote kuwe laini. Alale saa ileile kila siku, kimya, bila watu. Miezi mitatu. Ikishindikana, ipo dawa ya muda mfupi, tutazungumza. Unaweza kupata mtu wa kukutengenezea pande laini?"

"Nitamtafuta," alisema Dahi, na mpimaji, aliyekwisha kuona vinyuzi vya pamba kwenye nyusi zake, akaangua kicheko.

*

Walirudi baada ya alasiri. Ua ulikuwa umejaa. Sahani za mkate na wali na mchuzi zilikwisha kulambwa, wanawake wako baraza moja, wanaume baraza lingine, na katikati Khalifa Kinawi, aliyeshika halaka baada ya Sheikh, anachokonoa meno.

"Haya, kaja!" alisema Kinawi. "Fundi, watu wamekula wakashiba, sasa wanakula maneno. Mtoto yuko wapi?"

"Amelala kwa jirani, na mama yake."

"Mlete alale hapa."

"Hapana, khalifa." Dahi alipaza sauti, na ile sauti yake ikakwaruza mpaka kwa wanawake. Hakuwahi kusema mbele ya watu wengi namna ile. "Nisikilizeni. Mimi ndiye niliyesema baba yangu anamtikisa mtoto. Nilisema mimi, na nilikosea. Mtoto alikuwa akifanya hivyo baba akiwa hai. Ndivyo ulivyo usingizi wake tu, na unamuumiza, na nitautibu. Aliyekuja kwa ajili ya Sheikh, karibu, nyumba yake hii. Aliyekuja kumtazama Rawya, anisamehe."

"Tangu lini daktari anajua dhikri?" aliuliza Kinawi.

"Hajui. Anajua usingizi."

Mtu mmoja akacheka, akajinyamazisha. Kinawi alitupa kijiti chake. "Baba yako angesema hivyohivyo," alisema, bila furaha, akasimama kutafuta viatu vyake. Wengine wakamfuata. Mwanamke mmoja mwenye mtoto wa homa mapajani alibaki ameketi, kisha naye akainuka. Dahi akamwambia zahanati hufunguliwa saa mbili, amuulize daktari Irini.

Ua ulipobaki mtupu, Hajjat Fawkiya alikuwa bado ameegemea ukuta. Hakuwa amekasirika. Alikuwa amesinyaa.

"Basi Abul-Wafa amekwenda wapi?" aliuliza.

Dahi aliketi chini miguuni pake.

"Kila adhuhuri nilikuwa naye," alisema mama yake. "Miaka minne."

"Najua, mama."

"Hujui." Akainuka, akaingia chumbani mwake na kufunga mlango.

*

Kesho yake, Ijumaa, baada ya sala, Dahi alipanda juu ya paa na kazi. Alikwisha kukata miguu ya kitanda. Alikwisha kushona mifuko minne mirefu ya kuzunguka pande zote, imara kwa nje, laini kwa ndani, mishono yake imezamishwa ili isimkwaruze mtoto. Upinde ulilia, pamba ikaruka ikashuka. Aliitupa yote iliyoshikana, hata ile ambayo fundi mwingine angeifufua. Mifuko mitatu ikajaa. Wa nne, wa upande wa kichwani, ukafika nusu na pamba ikaisha. Duka la pamba lilikuwa limefungwa mpaka Jumamosi.

Alisikia hatua nzito ngazini. Mama yake alitokeza, anahema, amekumbatia mto. Dahi aliutambua mara moja na mikono yake ikaacha kazi. Ulikuwa mto wa baba yake. Tangu maziko hakuna aliyeruhusiwa kuugusa, wala kufua foronya yake.

"Hii ni pamba ya zamani, ya nyuzi ndefu," alisema Hajjat Fawkiya. "Siku hizi haipatikani."

"Mama, kesho nitanunua."

"Na leo atalala wapi?" Akaketi kwenye mkeka kwa shida, akauweka mto mapajani. "Nipe kisu."

Dahi akampa. Mama yake aliukata mshono mwenyewe, uzi kwa uzi, akiwa ameinamisha uso karibu sana na kitambaa, na alikaa hivyo kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Kisha akaingiza mkono ndani, akatoa pamba ya kwanza na kuanza kuichambua kwa vidole.

Chini uani Najat alikuwa anamwosha Rawya miguu, saa ya kulala imekaribia. Sauti ya mtoto ikapanda.

"Bibi! Unakuja kuniangalia?"

Hajjat Fawkiya hakuinua kichwa. Alivuta nyuzi, akazitenganisha, akazipuliza kuondoa vumbi.

"Hapana, mwanangu," aliitikia. "Nina kazi huku juu."

Akaweka pamba iliyo tayari upande wa kulia wa mkeka, mbele ya Dahi, na kutia mkono ndani ya mto kutafuta nyingine.